Daktari Hansen na Ugonjwa wa Ukoma

1. Mikono ni mali

Katika wilaya za Masasi na Newala, mikono ndiyo mali ya kwanza ya mtu. Kwa mikono watu hulima muhogo, mtama na karanga. Kwa mikono huokota korosho chini ya mikorosho. Mchonga vinyago hushika tezo kwa mkono mmoja na gogo la mpingo kwa mkono wa pili. Mama huepua chungu mekoni, humbeba mtoto, hutwanga na kupepeta.

Mkono una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kushika. Kazi ya pili ni kuhisi. Watu wengi huisahau kazi hii ya pili, lakini ni kubwa sana. Mkono unaohisi moto hujiondoa motoni upesi, hata kabla mtu hajafikiri. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mtu anayehisi huyafuta na kunawa mara moja. Mtu asiyehisi hujua tu akishaona kidonda.

Uko ugonjwa mmoja unaoiba hisia za mikono na miguu. Ugonjwa huo ni ukoma. Kwa miaka mingi watu walisema ukoma ni laana. Wengine walisema ni ulozi. Wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo, kwamba mtoto huuzaliwa nao. Kwa hiyo wagonjwa walifichwa ndani, au walifukuzwa kijijini.

Mtu aliyetuonyesha kijidudu cha ukoma aliitwa Gerhard Armauer Hansen. Alikuwa daktari wa nchi ya Norwei, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Hakufika Masasi wala Newala. Lakini kazi yake ilifika. Tusome habari za maisha yake. Tusome pia mambo ambayo yeye hakuyajua, yaliyogunduliwa na wengine baada ya kufa kwake.

2. Kijana wa Bergen

Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai, 1841, katika mji wa Bergen. Bergen ni mji wa bandari. Una mvua nyingi, milima na samaki. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, lakini biashara ilimwendea vibaya akafilisika. Watoto katika nyumba ile walikuwa 15, na Hansen alikuwa wa nane. Basi alipokwenda kusoma udaktari katika mji mkuu ilimbidi afanye kazi ya kufundisha ili apate fedha za kujilipia.

Alimaliza masomo yake mwaka 1866. Kwanza aliwatibu wavuvi wa visiwa vya Lofoten, huko kwenye baridi kali. Mwaka 1868 alirudi Bergen. Akapata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma.

Siku hizi watu wengi hufikiri kwamba ukoma ni ugonjwa wa nchi za joto tu. Sivyo. Wakati ule Norwei ilikuwa na wagonjwa wengi wa ukoma. Walikuwa watu maskini wa pwani ya magharibi, wavuvi na wakulima. Walikaa wengi katika chumba kimoja, katika nyumba ndogo zenye unyevu. Mwaka 1856 serikali ilianza kuandika majina ya wagonjwa wote wa ukoma katika daftari moja la nchi nzima. Walikuwa karibu 3,000. Mji wa Bergen peke yake ulikuwa na hospitali kadhaa za ukoma.

Mkubwa wa kazi ile pale Bergen alikuwa Daktari Daniel Cornelius Danielssen. Alikuwa mtaalamu mwenye sifa katika Ulaya nzima. Mwaka 1847 yeye na mwenzake Boeck walikuwa wametoa kitabu kikubwa juu ya ukoma. Danielssen aliamini kwamba ukoma hurithiwa. Alikuwa hata amejitia mwilini uchafu wa vidonda vya wagonjwa, na hakuugua. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba ukoma hauambukizi.

Hansen alimheshimu sana mzee huyo. Mwaka 1873 alimwoa binti yake, Stephanie. Lakini mwaka huo huo Stephanie alifariki kwa kifua kikuu. Baadaye Hansen alioa tena, akapata mtoto mmoja wa kiume.

3. Kijidudu chaonekana

Hansen alimheshimu mkwewe, lakini hakukubaliana naye. Alisafiri kwa miguu na kwa mashua katika vijiji vya pwani. Aliuliza katika kila nyumba nani aliugua kwanza, nani alilala chumba kimoja naye, nani aliugua baadaye. Aliona kwamba ukoma hauendi kwa damu ya ukoo peke yake. Mtumishi aliyelala pamoja na mgonjwa aliweza kuugua, ingawa hakuwa ndugu yake. Na ndugu aliyekaa mbali aliweza kusalimika.

Basi Hansen akafikiri kwamba kipo kitu kinachotoka kwa mgonjwa na kumwingia mzima. Akakitafuta kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo kinachokuza vitu vidogo mno hata jicho liweze kuviona.

Alikata vipande vidogo vya vinundu kutoka katika ngozi ya wagonjwa. Akavitazama siku nyingi. Mwezi wa Februari, mwaka 1873, aliona ndani yake vijiti vidogo sana. Aliviona tena na tena kwa wagonjwa mbalimbali. Mwaka uliofuata, 1874, aliiandika habari hiyo na kuitangaza.

Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Wakati ule ilikuwa haijajulikana bado kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta kifua kikuu au kipindupindu. Hansen alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kuonyesha kijidudu cha bakteria na kukihusisha na ugonjwa wa binadamu unaodumu.

Lakini wengi hawakumwamini. Naye hakuwa na rangi nzuri za kuvitia vijidudu hivyo ili vionekane wazi. Mwaka 1879 alifika Bergen daktari kijana kutoka Ujerumani, jina lake Albert Neisser. Hansen alimpokea vizuri, akampa vipande vya ngozi ya wagonjwa. Neisser alirudi kwao, akavitia rangi mpya, na vijidudu vikaonekana wazi. Halafu akatangaza kwamba yeye ndiye aliyekigundua kijidudu cha ukoma. Hansen alisikitika sana. Ilimbidi aandike upya kazi yake yote ya nyuma na kuonyesha tarehe zake. Mwishowe wataalamu walikubali kwamba mgunduzi ni Hansen.

4. Kosa la Hansen

Sasa tunafika kwenye jambo la aibu katika maisha ya mtu huyu. Tusilifiche.

Hansen alitaka kuthibitisha kwamba kijidudu kile huambukiza. Alikitia katika wanyama, lakini wanyama hawakuugua. Alijaribu kukiotesha katika vyombo, lakini hakikuota. Hata leo hakuna aliyeweza kukiotesha katika chombo.

Katika hospitali ya Bergen alikuwapo mwanamke mmoja mgonjwa wa ukoma. Ukoma wake ulikuwa wa aina ya ganzi, usio na vinundu. Tarehe 3 Novemba, 1879, Hansen alichukua kisu chenye uchafu wa kinundu cha mgonjwa mwingine. Akamchoma nacho mwanamke huyo katika jicho. Alitaka kuona kama vinundu vitatokea. Hakumwomba ruhusa. Hakumweleza lolote. Baadaye alikiri kwamba hakumwuliza kwa sababu alijua angekataa.

Mwanamke huyo hakunyamaza. Habari zilifika kwa wakubwa, na Hansen akashtakiwa. Mwaka 1880 mahakama ya Bergen iliamua kwamba amekosa. Aliondolewa katika kazi yake ya daktari wa hospitali hiyo. Alibaki na kazi moja tu, ya kusimamia mambo ya ukoma katika nchi.

Mwanamke yule alikuwa maskini, mgonjwa, asiye na cheo. Daktari alikuwa mtu mwenye sifa. Lakini mahakama ilimsikiliza. Leo katika nchi nyingi, na katika nchi yetu pia, ni sheria kwamba mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kufanyiwa majaribio ya utafiti.

Vinundu havikumtokea yule mwanamke. Jaribio lilishindwa. Hansen hakujua kwa nini. Sisi leo tunajua, na sababu yake ni jambo kubwa. Sababu ni kinga ya mwili.

5. Askari wa mwili

Katika damu ya kila mtu zimo chembe ndogo zinazoulinda mwili. Ni kama askari. Kijidudu kikiingia, askari hao hukitambua, hukizunguka na kukila. Kazi yao huitwa kinga ya mwili.

Watu walio wengi sana wana kinga ya kutosha dhidi ya ukoma. Kijidudu kikiwaingia, askari hukiua, na mtu hata hajui. Ndiyo maana Danielssen alijitia uchafu ule na asiugue. Hakuwa amethibitisha kwamba ukoma hauambukizi. Alikuwa amethibitisha tu kwamba kinga yake ni nzuri.

Wachache ndio wanaougua, nao hawaugui namna moja. Mtu ambaye askari wake wanapigana kwa nguvu hupata mabaka machache yenye ganzi. Vijidudu katika mwili wake ni vichache mno. Mtu ambaye askari wake hawakitambui kijidudu hupata vinundu na mabaka mengi. Vijidudu vyake ni vingi sana. Basi aina ya ukoma haitokani na kijidudu cha namna nyingine. Kijidudu ni kile kile. Tofauti ni askari wa mwili wa kila mtu. Mwanamke wa Bergen alikuwa na askari wakali, kwa hiyo vinundu havikutokea.

Lakini askari wakali nao wana hasara yao. Tuone kwa nini.

6. Vita ndani ya mshipa wa fahamu

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Hupeleka habari kutoka kwenye vidole hadi kwenye ubongo, na amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye vidole. Mmoja hupita nyuma ya kiwiko. Ukijigonga hapo, mkono wote huwaka kama uliopigwa na umeme. Kila mshipa umevikwa chembe zinazoulinda na kuulisha, kama waya uliovikwa mpira.

Kijidudu cha ukoma hupenda mahali penye ubaridi kidogo. Hukaa katika ngozi, pua, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Huingia ndani ya zile chembe zinazouvika mshipa, na kujificha humo. Huzaana polepole mno. Kimoja huchukua karibu wiki mbili kuwa viwili. Kwa hiyo mtu huweza kukaa miaka 5 na kijidudu kabla ya kuona dalili. Wengine hukaa hata miaka 20.

Siku askari wakigundua kwamba adui amejificha ndani ya mshipa, huingia kwa wingi. Fikiri mwizi ameingia ghalani. Watu wa kijiji wanalivamia ghala usiku kwa marungu. Mwizi anapigwa, lakini kuta zinabomoka na magunia yanapasuka. Ndivyo ilivyo katika mshipa wa fahamu. Mshipa huvimba. Huuma. Nyuzi zake hubanwa na kukatika. Baadaye kovu huziba mahali hapo.

Basi vidole haviliwi na kijidudu, kama watu wengi wanavyodhani. Mishipa ya fahamu huharibika kwanza, na mara nyingi wanaoiharibu ni askari wa mwili wenyewe katika vita vyao. Mkono ukifa ganzi, moto na misumari na mafuta ya korosho hufanya yaliyobaki. Vidonda visivyouma havitunzwi. Hivyo ndivyo vidole hupotea.

Je, mshipa ulioharibika huweza kupona? Mishipa ya mikono na miguu huweza kuota tena, tofauti na ubongo na uti wa mgongo ambao hujirekebisha kwa shida sana. Lakini huota polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole ni safari ya karibu mwaka mzima. Na huota tu kama njia ipo wazi. Kovu likiziba njia, mshipa haufiki tena.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, walitangaza jambo la ajabu. Kiongozi wao alikuwa Profesa Anura Rambukkana. Walichunguza chembe za panya zinazouvika mshipa wa fahamu. Waliona kwamba kijidudu cha ukoma huzigeuza chembe hizo. Ni chembe kubwa zenye kazi yake, lakini huacha kazi hiyo na kurudi utotoni. Zinakuwa kama chembe changa ambazo wataalamu huziita seli shina. Seli shina ni chembe ambayo bado haijachagua kazi, nayo huweza kugeuka kuwa chembe za kazi mbalimbali, kama mbegu inavyotoa mizizi, shina na majani. Chembe hizo zilizogeuzwa huwaita askari wa mwili. Askari huja, huvichukua vijidudu bila kuviua, na kuvisambaza mahali pengine. Adui amewafanya askari kuwa wapagazi wake.

Utafiti huo haujatoa dawa mpya. Lakini wataalamu wanatumaini kujifunza jambo kubwa. Kama kijidudu kinaweza kuifanya chembe nzee iwe changa, labda siku moja madaktari wataweza kufanya hivyo kwa faida, ili kurekebisha mishipa iliyokufa, na hata sehemu za ubongo zilizoumia. Na watahitaji kujua namna ya kuwatuliza askari wa mwili wakati wa kujenga. Nyumba haijengwi huku vita vinaendelea ndani yake.

7. Kazi ya Hansen yaenea

Turudi kwa Hansen. Baada ya kesi hakukata tamaa. Mwaka 1888 alisafiri hadi Marekani. Huko walihamia watu wa Norwei, na baadhi yao walikuwa na ukoma. Aliwatafuta watoto na wajukuu wao. Hakumpata hata mmoja mwenye ukoma. Kama ukoma ungekuwa wa kurithi, watoto wale wangeugua. Lakini katika Marekani waliishi katika nyumba bora, zenye nafasi.

Katika Norwei, Hansen aliishauri serikali itunge sheria. Sheria ya mwaka 1885 ilimtaka mgonjwa awe na chumba na vyombo vyake nyumbani. Asiyeweza alipelekwa hospitali, hata kwa nguvu. Wagonjwa walipungua sana. Mwaka 1900 walibaki karibu 600 tu. Sehemu moja ya sababu ilikuwa kutengwa. Sehemu nyingine ilikuwa maisha kuwa mazuri zaidi, yaani chakula na nyumba bora.

Mwaka 1897 madaktari wa nchi nyingi walikutana Berlin, Ujerumani. Walikubali kwamba njia ya Norwei ifuatwe duniani. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameitawala nchi yetu. Wakaanzisha vijiji vya kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Wakati wa Waingereza kazi hiyo iliendelea, na wamisionari walifanya sehemu kubwa. Katika wilaya ya Masasi, wamisionari wa Ndanda waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi.

Kutengwa kulikuwa na uchungu wake. Mtu aliacha shamba, mke au mume, na watoto. Na dawa ya kweli haikuwapo. Wagonjwa walichomwa sindano za mafuta ya mti wa chaulmugra. Ziliuma sana na hazikusaidia sana.

Hansen hakuiona dawa ya kweli. Mwaka 1909 madaktari wa dunia walikutana tena, mara hii katika mji wake wa Bergen, naye akawa mwenyekiti wao. Moyo wake ulikuwa umedhoofika. Tarehe 12 Februari, 1912, alifariki akiwa safarini kikazi katika mji mdogo wa Florø. Alikuwa na umri wa miaka 70.

8. Dawa yafika kwetu

Katika miaka ya 1940 madaktari waligundua kwamba vidonge vya dapsoni huua kijidudu cha ukoma. Baadaye vijidudu vingine vikaizoea dawa hiyo. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri dawa zichanganywe, yaani dapsoni, rifampisini na klofazimini.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Matumizi ya dawa za mchanganyiko yalianza mwaka 1983. Mwaka 2006 nchi nzima ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000.

Lakini ukoma haujakwisha. Kati ya mwaka 2015 na 2019 nchi kadhaa duniani zilijaribu njia mpya. Mgonjwa akipatikana, watu wanaokaa karibu naye huchunguzwa. Wale wasio na dalili hupewa rifampisini mara moja tu ili kuwakinga. Katika Tanzania kazi hiyo ilifanyika katika wilaya tatu: Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Nanyumbu ni jirani zetu. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Masasi.

9. Mambo ya kukumbuka

Angalia ngozi yako na ya watoto wako penye mwanga. Ukiona baka lililofifia au jekundu, lisilowasha, liguse kwa pamba. Kama huhisi, nenda kituo cha afya. Usingoje liume. Baka la ukoma haliumi, na hiyo ndiyo hatari yake.

Dawa ni bure. Mwenye vijidudu vichache hunywa kwa miezi 6. Mwenye vijidudu vingi hunywa kwa miezi 12. Rifampisini hufanya mkojo uwe mwekundu. Klofazimini huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi. Usiogope. Mambo hayo hupita.

Lipo jambo moja ambalo huwapoteza watu wengi. Mgonjwa anaanza dawa, na baada ya wiki au miezi michache mabaka yanavimba, mishipa inauma, mkono unalegea au mguu unaburuta. Anasema dawa imemdhuru, naye anaiacha. Sivyo. Askari wa mwili wameamka na wanapigana na adui ndani ya mishipa. Arudi hospitali siku hiyo hiyo. Huko atapewa dawa ya kuwatuliza askari, iitwayo prednisoloni, na ataendelea na dawa za kuua vijidudu. Akiwahi, mkono huweza kurudi. Akichelewa zaidi ya miezi 6, kurudi ni vigumu.

Mtu aliyekwisha kufa ganzi atunze mikono yake kwa macho. Ashike chungu kwa kitambaa kinene. Avae viatu. Kila jioni aangalie nyayo na viganja vyake.

Na sisi wengine tusimkimbie mgonjwa. Ukoma hauambukizwi kwa kupeana mkono. Huenea kwa pumzi, kwa kukaa pamoja muda mrefu na mtu asiyetibiwa. Akianza dawa, haambukizi tena. Anaweza kulala nyumbani kwake, kula na watoto wake na kulima shamba lake.

Hansen aliona kijiti kidogo katika kioo, na laana ikageuka kuwa ugonjwa. Ugonjwa huweza kutibiwa. Lakini hadubini haiwezi kuja kubisha hodi nyumbani kwako. Ni wewe uende, mapema, wakati mkono wako bado unahisi.

Maswali ya kujadiliana

1. Hansen alifanya nini vijijini kabla ya kutazama katika hadubini? Kwa nini?
2. Mahakama ya Bergen ilimhukumu Hansen kwa kosa gani? Je, ninyi mnaonaje?
3. Kwa nini watu wawili wenye kijidudu kile kile huweza kuugua ukoma wa namna mbili?
4. Askari wa mwili hutulinda. Basi huharibuje mishipa ya fahamu?
5. Jirani yenu ameanza dawa za ukoma, na sasa mguu wake unaburuta. Anataka kuacha dawa. Mtamshauri nini?
6. Watu wa kijiji chenu husema nini juu ya ukoma? Lipi ni kweli, na lipi si kweli?